UZI: Dawa za kifafa na breki za ubongo. Kwa nini dawa ileile humtuliza mmoja na kumzidishia mwingine

Mfamasia Zamu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kutoa dawa, na wengi wanaofika dirishani kwangu ni wenye kifafa au wazazi wao. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: hii dawa inafanya nini hasa kichwani? Jibu walilozoea kupewa ni kwamba "inatuliza ubongo". Si uongo, lakini limewafanya watu wengi waamini kwamba dawa za kifafa zote ni kitu kimoja chenye majina tofauti, na kwamba ukizidisha utulivu basi kifafa kinapungua. Mambo hayaendi hivyo. Kuna mtoto anapewa dawa inayoongeza utulivu kwenye seli zake na kifafa kinazidi palepale. Kinachoamua ni utulivu umeongezwa kwenye seli zipi, kwa ubongo wa umri gani, na kifafa kimeshaendelea kwa muda gani. Ndiyo maana nimeleta uzi huu.

Tuanze na seli. Seli za neva huwasiliana kwa umeme na kemikali. Kemikali kuu ya kuchochea ni glutamati. Kemikali kuu ya kuzuia ni GABA, kifupi cha asidi ya gama-aminobutiriki. Kwenye gamba la ubongo seli zinazotoa GABA ni chache, takriban moja katika kila tano, lakini seli moja ya aina hiyo inaweza kushika mamia ya seli za jirani na kuzinyamazisha kwa pamoja. Hizo ndizo breki za ubongo. Zikilegea, kundi la seli linaanza kuwaka kwa mpigo mmoja, na hapo ndipo kifafa kinapoanzia.

Kitu kinachonistaajabisha hadi leo ni kwamba GABA inatengenezwa kutokana na glutamati yenyewe. Kimeng'enya kiitwacho GAD kinaikata glutamati kipande kidogo tu, na kilichokuwa kichocheo kinageuka kizuizi. Kimeng'enya hicho hakiwezi kazi bila vitamini B6. Kumbukeni hilo, maana najua kuna mtu atauliza.

GABA ikishamwagwa kwenye sinapsi, yaani mwanya kati ya seli moja na nyingine, inashika kipokezi kinachoitwa GABA-A. Hiki ni protini yenye sehemu tano zilizojipanga duara, na katikati yake kuna njia ya kupitisha ioni za kloridi. Aina iliyoenea zaidi ina sehemu mbili ziitwazo alfa, mbili ziitwazo beta na moja iitwayo gama. GABA inakaa kwenye mpaka wa beta na alfa. Ikishakaa, njia inafunguka kwa milisekunde chache, kloridi yenye chaji hasi inaingia, ndani ya seli kunazidi kuwa hasi, na seli inakuwa nzito kuwaka. Baada ya hapo GABA inavutwa kurudi ndani ya seli na kibebaji kiitwacho GAT-1, kisha inavunjwa na kimeng'enya kingine, GABA-transaminesi.

Kwa hiyo dawa inaweza kuingilia hatua yoyote kati ya hizo. Benzodiazepini (diazepamu, lorazepamu, midazolamu, klonazepamu) na fenobabitali zinashika kipokezi chenyewe. Tiagabini inaziba GAT-1, GABA ikabaki muda mrefu kwenye sinapsi. Vigabatrini inaua GABA-transaminesi moja kwa moja, hata mwili ulazimike kutengeneza kimeng'enya kipya. Kuna nyingine hazigusi breki kabisa: fenitoini na karbamazepini zinafanya kazi kwenye njia za sodiamu ili seli isiweze kuwaka mfululizo, na levetirasetamu inashika protini iitwayo SV2A kwenye vifuko vinavyobeba kemikali za ujumbe.

Historia yake ina mafunzo. Mwaka 1857 daktari Mwingereza Charles Locock alieleza jinsi bromidi ya potasiamu ilivyopunguza kifafa. Aliitumia kwa imani kwamba kifafa kina uhusiano na ashiki, na bromidi ilijulikana kupunguza ashiki. Sababu yake ilikuwa potofu ila dawa ilifanya kazi, na leo tunajua kwamba bromidi hupita kwenye njia ya kipokezi cha GABA-A kwa urahisi kuliko kloridi yenyewe, hivyo kizuizi kinakuwa na nguvu zaidi. Mwaka 1912 Mjerumani Alfred Hauptmann alitangaza kwamba fenobabitali, iliyouzwa kwa jina la Luminal kama dawa ya usingizi, inapunguza kifafa. GABA ilikuja kugunduliwa ndani ya ubongo mwaka 1950. Yaani watu walimeza dawa ya breki karibu miaka 40 kabla mtu yeyote hajajua breki yenyewe ni nini.

Karibuni kwa maswali. Ombi moja tu: asiwepo mtu wa kubadilisha au kuacha dawa kwa sababu ya alichokisoma hapa.

---

Mzee wa Hoja

Mkuu, haya ni madini. Naomba ufafanuzi. Umesema benzodiazepini na fenobabitali zote zinashika kipokezi kimoja. Sasa kwa nini fenobabitali inaogopwa zaidi mtu akizidisha dozi? Si kazi yao ni ileile?

---

Mfamasia Zamu

Shikamoo mzee wangu. Kipokezi ni kimoja ila mahali zinaposhika ni tofauti, na hapo ndipo usalama wote ulipo.

Benzodiazepini inakaa kwenye mpaka wa alfa na gama. Ikiwa hapo, inafanya njia ifunguke mara nyingi zaidi kila GABA inapokuja. Haifungui njia yenyewe. Kama GABA haipo, benzodiazepini haina la kufanya. Kwa hiyo nguvu yake ina kikomo, na kikomo hicho kinawekwa na ubongo wenyewe kwa kiasi cha GABA unachotoa.

Fenobabitali na babitureti wenzake wanashika sehemu nyingine na kufanya kila ufunguzi udumu muda mrefu zaidi. Dozi ikipanda sana, wanaweza kufungua njia hata GABA isipokuwepo. Hapo kikomo kimeondoka. Seli zinazoendesha upumuaji chini ya ubongo zinanyamazishwa kama nyingine zote, na mtu anaacha kupumua.

Hii haina maana kwamba benzodiazepini ni salama kwa vyovyote. Ichanganye na pombe au dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, upumuaji utazimika vilevile. Pia kuna dawa ya kuiondoa benzodiazepini kwenye kipokezi, flumazenili, lakini kwa mtu anayetumia benzodiazepini ili kuzuia kifafa, kumpa flumazenili kunaweza kumwamshia kifafa kikali. Watu wa dharura wanaifahamu hatari hiyo.

Hata hivyo msiichukie fenobabitali. Ni dawa ya zamani, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na inakaa mwilini kwa siku kadhaa, kwa hiyo dozi moja kwa siku inatosha kwa wengi. Kuna watu wengi wanaishi bila kifafa kwa sababu yake.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Nashukuru kwa uzi huu, ndugu mfamasia. Mimi ni muuguzi. Kuna kitu kinanitesa kazini. Mgonjwa aliyeletwa mapema, dozi ya kwanza ya diazepamu inamtuliza. Aliyeletwa baada ya saa nzima ya kutetemeka, unampa ya kwanza, unampa ya pili, hakuna kitu. Dawa ileile, chupa ileile. Ndugu wanadhani tumewapa dawa mbovu. Ni kitu gani hasa kinatokea?

---

Mfamasia Zamu

Dada, umegusa sehemu ambayo ningetaka kila mzazi na kila dereva wa gari la wagonjwa aielewe.

Vipokezi vya GABA-A havikai mahali pamoja daima. Viko kwenye utando wa nje wa seli, na seli inavirudisha ndani na kuvitoa tena muda wote. Kifafa kikidumu, kasi ya kuviingiza ndani inazidi. Tafiti kwa panya zimeonyesha hivyo: dakika zinavyokwenda bila kifafa kukatika, vipokezi vyenye sehemu ya gama, ndivyo vile diazepamu inavihitaji, vinapungua kwenye sinapsi. Wakati huohuo vipokezi vya glutamati vya aina ya NMDA vinaongezeka juu ya utando. Kwa hiyo breki zinapungua na uchochezi unapanda kwa pamoja. Diazepamu uliyomchoma imefika kwenye ubongo vizuri kabisa, ila pa kushika pamepungua.

Kuna jambo la pili. Kila GABA inapofungua njia, kloridi inaingia. Seli ikishambuliwa mfululizo, kloridi inajaa ndani kuliko pampu zinavyoweza kuitoa, na mwisho hata vipokezi vilivyobaki vinapofunguka havizuii tena kwa nguvu ya mwanzo.

Ndiyo sababu ya ile dakika 5. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la wataalamu wa kifafa, ILAE, liliweka kwamba kifafa cha kukakamaa na kutetemeka mwili mzima kikipita dakika 5 hakitegemewi tena kukatika chenyewe, na matibabu yaanze hapo hapo. Kikipita dakika 30 hatari ya madhara ya kudumu inaongezeka. Na ndiyo maana utafiti wa RAMPART uliotolewa mwaka 2012 ulikuwa na maana sana: midazolamu iliyochomwa kwenye msuli na wahudumu wa gari la wagonjwa ilikata kifafa kwa asilimia 73 ya wagonjwa kabla hawajafika hospitali, dhidi ya asilimia 63 kwa lorazepamu ya mshipani. Dawa ya msuli haikushinda kwa kuwa kali zaidi. Ilishinda kwa sababu hakuna anayepoteza dakika kutafuta mshipa kwa mtu anayetetemeka.

Kwa hiyo ukiona dozi mbili sahihi za benzodiazepini hazijafaulu, kuongeza ya tatu na ya nne kunaongeza hatari ya kuzima pumzi kuliko kunavyoongeza nafasi ya kupona. Miongozo inataka kuhamia dawa ya jamii nyingine. Utafiti wa ESETT wa mwaka 2019 ulilinganisha levetirasetamu, fosfenitoini na valproeti kwa wagonjwa wa namna hiyo, na zote tatu zilifanana: kila moja ilifaulu kwa karibu nusu ya wagonjwa.

Waambie ndugu wa mgonjwa kwamba dawa haikuwa mbovu. Walichohitaji ni kufika mapema, au kufundishwa na kupewa dawa ya kuweka shavuni au njia ya haja kubwa wakiwa nyumbani.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Nimeelewa. Hiyo ya kloridi kujaa ndani sikuwahi kuisikia. Nitaipeleka kwa wenzangu kwenye makabidhiano ya zamu.

---

Mama Wawili

Jamani naomba nisaidiwe. Mwanangu ana miaka 7. Hatetemeki wala haanguki, anaganda tu sekunde chache, macho yanakodoa, kisha anaendelea na alichokuwa akifanya. Sehemu ya kwanza tuliyokwenda waliandika karbamazepini. Kabla ya hapo alikuwa anaganda mara chache kwa siku, baada ya dawa ikawa mara nyingi hadi mwalimu akalalamika kwamba hasikii. Tukahama, daktari mwingine akaiondoa na kumwandikia ethosuksimidi, sasa hivi yuko vizuri. Nimekaa na maswali. Dawa ya kifafa inawezaje kuongeza kifafa?

---

Mfamasia Zamu

Pole sana mama, na hongera kwa kufuatilia. Ulichokieleza kinafanana na kifafa cha kuganda cha utotoni, na daktari wa pili alikwenda kwenye dawa inayoeleweka. Nitaeleza kwa kirefu kidogo maana hapa ndipo dhana ya "kutuliza ubongo" inapovunjika kabisa.

Kifafa cha kuganda kinatokana na mzunguko kati ya gamba la ubongo na thalamasi, kiungo kilicho katikati ya ubongo kinachopitisha habari kwenda kwenye gamba. Seli za thalamasi zina njia za kalsiamu za aina ya T. Njia hizi zina tabia ya pekee: seli ikiwa katika hali yake ya kawaida ya kuwa macho, zimejifunga na haziwezi kutumika. Zinakuwa tayari pale tu seli inapozuiwa kwa nguvu, umeme wake ukashuka kuelekea milivolti −80. Kizuizi kikiisha, zinafunguka kwa pamoja na seli inalipuka kwa mfululizo wa mipigo. Mipigo hiyo inaamsha seli za kuzuia zilizo pembeni ya thalamasi, nazo zinazuia tena, kisha mlipuko mwingine. Mzunguko huo unajirudia takriban mara 3 kwa sekunde, na ndio unaoonekana kwenye EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, mtoto anapoganda.

Umeona hapo? Kizuizi ndicho kinachoandaa mlipuko. Kwa hiyo ukimpa mtoto wa namna hii dawa inayoongeza GABA kila mahali, kama vigabatrini au tiagabini, unaweza kuzipa seli za thalamasi kile hasa zinachohitaji ili zilipuke. Baklofeni, inayoamsha vipokezi vya GABA-B vinavyozuia kwa muda mrefu zaidi, inaweza kufanya vivyo hivyo. Karbamazepini na fenitoini si dawa za GABA kwa asili, lakini nazo zinajulikana kuzidisha kifafa cha kuganda, na miongozo inazikataza kwa watoto hawa.

Ethosuksimidi inapunguza kazi ya zile njia za T zenyewe. Mwaka 2010 utafiti mkubwa wa watoto 453 ulilinganisha ethosuksimidi, valproeti na lamotrijini. Mbili za kwanza ziliishinda lamotrijini katika kuzuia kuganda, na kati ya hizo mbili ethosuksimidi ndiyo iliyosumbua umakini wa watoto kidogo zaidi. Kwa mtoto wa shule hilo si jambo dogo.

Halafu kuna hili: klonazepamu, ambayo ni dawa ya GABA, inaweza kupunguza kuganda. Inaonekana kama kinyume cha nilichosema, lakini tazama inapofanyia kazi. Zile seli za kuzuia za pembeni ya thalamasi zinazuiana zenyewe kwa zenyewe kupitia GABA-A. Klonazepamu inaimarisha kuzuiana huko, kwa hiyo zinapeleka kizuizi kidogo zaidi kwa seli za ndani, na mzunguko unakatika. GABA ni ileile na kipokezi ni cha jamii ileile. Kilichobadilika ni seli.

---

Mama Wawili

Asante sana mwanangu, Mungu akuzidishie. Nilikuwa najilaumu kwamba nilikosea kumpa vidonge. Leo nitalala.

---

Tulivu

Naomba niongeze hapo kwa mama. Mimi nafanya kazi maabara, upande wa vinasaba. Kuna ugonjwa mwingine unaofundisha somo hilohilo kutoka upande wa pili: ugonjwa wa Dravet, ulioelezwa na daktari Mfaransa Charlotte Dravet mwaka 1978. Mtoto anaanza kupata degedege ndefu kabla hajatimiza mwaka, mara nyingi akiwa na homa, halafu zinaendelea hata bila homa. Wengi wao wana kasoro kwenye jeni ya SCN1A, inayotengeneza njia ya sodiamu ya aina ya Nav1.1.

Kwa miaka ilikuwa kitendawili. Njia za sodiamu ndizo zinazowasha seli. Zikipungua, seli ziwe baridi, sasa kifafa kinatoka wapi? Mwaka 2006 tafiti za panya zilionyesha kwamba Nav1.1 inahitajika zaidi na seli za kuzuia. Seli za kuchochea zinamudu kwa njia nyingine za sodiamu. Kwa hiyo kasoro inalegeza breki na kuacha uchochezi ulivyo.

Sasa mpe mtoto huyo karbamazepini, fenitoini au lamotrijini, dawa zinazopunguza kazi ya njia za sodiamu. Unazidi kudhoofisha seli zilezile zilizokwisha kudhoofika. Kifafa kinapanda. Dawa zinazowafaa ni kama valproeti, klobazamu na stiripentoli, na stiripentoli inaimarisha GABA-A moja kwa moja, mbali na kupandisha kiwango cha klobazamu kwenye damu.

Mzazi yeyote ambaye mtoto wake alianza degedege ndefu za kujirudia kabla ya mwaka mmoja, na dawa za sodiamu zikamzidishia, aulizie kipimo cha jeni hiyo.

---

Mfamasia Zamu

Tulivu, umemaliza. Hilo la Dravet lilipaswa kuwa kwenye bandiko la kwanza.

---

Mwanafunzi Mwaka wa Tatu

Gabapentini vipi mkuu? Jina lenyewe lina GABA. Na kama GABA ndiyo inayotakiwa, kwa nini mtu asimeze tu vidonge vya GABA? Nimeviona vinatangazwa mtandaoni.

---

Mfamasia Zamu

Kwa kifupi: gabapentini iliundwa kwa kuiga umbo la GABA, lakini ilipopimwa ikaonekana haishiki GABA-A wala GABA-B. Inashika sehemu ya njia za kalsiamu iitwayo alfa-2-delta na kupunguza umwagaji wa kemikali za kuchochea. Pregabalini ni vivyo hivyo.

Kuhusu vidonge vya GABA, GABA inapita kwa shida mno kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo. Tiagabini ilitokana na tatizo la namna hiyohiyo: asidi ya nipekotiki ilijulikana kuziba kibebaji cha GABA, lakini haikuingia kwenye ubongo, hadi wakemia walipoiunganisha na kipande kinachopenda mafuta. Anayetegemea vidonge vya mtandaoni badala ya dawa yake ya kifafa anajiweka hatarini.

---

Mzee wa Hoja

Na ile B6 uliyosema tuikumbuke?

---

Mfamasia Zamu

Nilijua itakuja, mzee wangu.

GAD inahitaji B6. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, ikimezwa kwa kiasi kikubwa mno inaharibu upatikanaji wa B6 kwenye seli. GABA inaacha kutengenezwa, mtu anapata degedege kali ambazo diazepamu peke yake mara nyingi inashindwa kuzikata. Sababu ni ileile niliyokuambia mwanzoni: benzodiazepini inategemea GABA iwepo. Tiba yake ni piridoksini, yaani B6 yenyewe, kwa dozi kubwa mshipani, gramu kwa gramu sawa na isoniazidi iliyomezwa. Ni moja ya matibabu mazuri kuyaona yakifanya kazi, kwa sababu unarudisha malighafi na breki zinarudi.

Kuna pia watoto wachanga wachache wanaozaliwa na kasoro kwenye jeni ya ALDH7A1. Hao wanapata degedege zisizosikia dawa yoyote mpaka wapewe piridoksini, nao wanaihitaji maisha yote.

Ila kwa mwenye kifafa cha kawaida asiye na upungufu, kumeza B6 nyingi hakuongezi breki. Dozi kubwa za muda mrefu zinaharibu neva za hisia, miguu ikafa ganzi.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Ndugu, na vichanga kwa ujumla? Fenobabitali tunawapa, ila mara nyingi mtetemeko unapungua kwa macho huku EEG bado inaonyesha kifafa.

---

Mfamasia Zamu

Ni kweli kabisa, na sababu ni kloridi tena. GABA-A ni njia tu. Kloridi itaingia au itatoka kulingana na ilivyojaa ndani. Kwenye seli iliyokomaa, pampu ya KCC2 inaitoa kloridi nje, kwa hiyo njia ikifunguka kloridi inaingia na seli inazuiwa. Kwenye ubongo mchanga KCC2 bado ni chache na pampu nyingine, NKCC1, inaingiza kloridi ndani. Njia ikifunguka kloridi inatoka, na GABA inaweza kuisukuma seli kuelekea kuwaka. Kundi la Yehezkel Ben-Ari lilionyesha hivyo kwa panya wachanga mwaka 1989. Ukimwongezea kichanga nguvu ya GABA, unaimarisha kitu ambacho kwenye baadhi ya seli zake bado hakijawa breki.

Wanasayansi walijaribu bumetanidi, dawa ya kukojoza inayoziba NKCC1, pamoja na fenobabitali. Jaribio la NEMO barani Ulaya lilisimamishwa mapema na matokeo yake kutolewa mwaka 2015: faida haikuonekana, na baadhi ya watoto waliathirika usikivu. Kwa hiyo hoja ni nzuri lakini dawa hiyo haikuwa jibu.

Si vichanga tu. Mwaka 2002 watafiti walichukua vipande vya ubongo vilivyotolewa kwa upasuaji kwa watu wazima wenye kifafa cha sehemu ya pembeni ya ubongo, wakakuta seli kadhaa ambazo GABA inazichochea badala ya kuzizuia.

---

Kijana wa Pwani ya Mbali

Wakuu, mimi natumia klonazepamu muda mrefu, nina miezi mingi sijaanguka. Nikisoma hapa naona GABA yangu imeshakaa sawa. Naweza kuacha?

---

Mfamasia Zamu

Ndugu yangu, usiache leo wala kesho bila daktari wako. Naomba unisikilize vizuri.

Ubongo ukikaa na benzodiazepini kwa muda, unazoea. Vipokezi vinabadilika, muunganiko kati ya sehemu inayoshika dawa na njia ya kloridi unalegea. Ukiondoa dawa ghafla, unabaki na breki dhaifu kuliko ulizokuwa nazo kabla hujaanza. Kifafa cha kuacha ghafla kinaweza kuja siku chache baadaye na kikagoma kukatika. Fenobabitali ina hatari hiyohiyo, na mlevi anayeacha pombe ghafla anaanguka kwa sababu ya jamii hiyohiyo.

Kupunguza kunawezekana. Kunafanywa pole pole, kwa wiki au miezi, dozi kidogo kidogo, daktari akijua. Miezi mingi bila kuanguka ni habari njema ya kumpelekea yeye, naye ataamua na wewe.

---

Tulivu

Mkuu hujagusa macho kwenye vigabatrini.

---

Mfamasia Zamu

Kweli. Vigabatrini inasaidia sana watoto wachanga wenye mishtuko ya kukunjamana, hasa wenye ugonjwa wa tuberasi sklerosisi. Lakini retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, nayo inatumia GABA, na dawa hii inaweza kupunguza upana wa kuona, mtu akaona mbele tu huku pembeni pakiziba. Hasara hiyo hairudi. Mgonjwa anapaswa kupimwa macho kabla na wakati wa matibabu, na mtoto mdogo hawezi kukuambia kwamba pembeni haoni.

---

Binti Subira

Salaam kaka. Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Kifafa changu kinakuja siku zangu zinapokaribia, karibu kila mwezi. Nimewahi kumwambia mhudumu mmoja akasema ni mawazo yangu. Je, hili lina uhusiano na GABA?

---

Mfamasia Zamu

Dada Subira, si mawazo yako. Hali hiyo inatambulika kitabibu na ina maelezo ya moja kwa moja.

Mwili hugeuza homoni ya projesteroni kuwa kitu kiitwacho alopregnanoloni. Hiki kinashika GABA-A na kuimarisha kazi yake, hasa vile vipokezi vyenye sehemu ya delta vilivyo nje ya sinapsi, vinavyotoa kizuizi kidogo kidogo muda wote. Yaani mwili wako unatengeneza kizuia kifafa chake wenyewe. Siku chache kabla ya hedhi projesteroni inashuka kwa kasi, alopregnanoloni inashuka nayo, na breki zinalegea ghafla. Ni kama mtu aliyeachishwa dawa kila mwezi.

Vipokezi hivyo vya delta vinawavutia watafiti kwa sababu nyingine pia: kifafa kikidumu, haviondoki juu ya utando kama vile vya gama. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha ganaksoloni, inayofanana na alopregnanoloni, kwa watoto wenye kifafa kinachotokana na kasoro ya jeni ya CDKL5.

Kwako wewe, chukua kalenda. Weka alama siku ya kwanza ya hedhi na kila siku uliyoanguka, kwa miezi mitatu angalau. Andika pia siku ulizosahau dozi. Mpelekee daktari wa neva karatasi hiyo, si maneno matupu. Akiona mpangilio, zipo njia za kujadili, ikiwemo kuongeza klobazamu kwa siku chache za hatari tu. Na kama unatumia valproeti na una umri wa kuzaa, mwambie hilo kwanza kabla ya yote: karibu mtoto 1 kati ya 10 waliokuwa tumboni mama akiitumia huzaliwa na kasoro za maumbile, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Usiiache mwenyewe, ila mazungumzo hayo yasisubiri mimba.

---

Binti Subira

Ninatumia hiyohiyo valproeti, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka mtoto. Naanza kalenda leo. Asante kaka.